Risechi ya mipango miji kwa anayeanza: kutoka topiki mpaka mtaani, Mbeya, Iringa na nyanda za juu

Msimu wa proposo ukifika maswali ni yaleyale. Nichague topiki gani, nihoji watu wangapi, ramani ya Mbeya naipata wapi, ofisini wananizungusha nifanyeje. Nimeona niyaandike yote sehemu moja ili anayeuliza nimpe hii asome taratibu. Ni ya kwako wewe unayesoma mipango miji, mipango ya mikoa, ardhi, jiografia au maendeleo ya jamii, uwe uko MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au vyuo vya Iringa, au umetoka Chuo Kikuu Ardhi Dar au Mipango Dodoma ukaja kufanyia fildi huku kwetu kwenye baridi. Nadharia sitaigusa sana, supavaiza wako atakupa ya kutosha.

Ila jambo moja nalitanguliza kabisa: dodoso ni la mwisho, sio la kwanza. Wanafunzi wengi wanaanza kwa kuomba dodoso la mtu aliyemaliza mwaka jana, wanabadilisha jina la kata, wanaingia mtaani, alafu wakirudi na data hawajui inajibu swali gani. Anza na mtaa wenyewe, swali litoke huko, dodoso litafuata lenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya utambulisho ya chuo yenye mhuri, na kopi zake za kutosha, maana kila ofisi utakayoingia itataka kubaki na moja.
- Kitambulisho cha chuo na namba ya NIDA.
- Simu ya Android yenye jipiesi inayofanya kazi vizuri, na pawabanki.
- Laptopu yenye QGIS (softwea ya kuchora ramani) na Google Earth Pro, zote mbili ni za bure. Usihangaike kutafuta softwea za kukraki, zitakuletea virusi wiki ya kusabmiti.
- Akaunti ya KoboToolbox, mfumo wa kuweka dodoso kwenye simu. App yake ya simu inakusanya majibu bila bando, unakuja kutuma jioni ukipata mtandao.
- Daftari dogo na penseli. Nimesema penseli, mvua ya hapa haina huruma na wino.
- Viatu vya kufunga na koti la mvua. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, miaka mingine zinaingia Mei. Juni mpaka Agosti ni kukavu lakini asubuhi baridi inauma, na watu hawatoki nje mapema.
- Hela ya daladala, bajaji, kuprinti, vocha, na posho ya msaidizi kama utakuwa naye. Andika bajeti kabla, usikisie.
- Sheria zako kwenye simu: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Huzisomi zote mwanzo mwisho, unatafuta vifungu vinavyogusa swali lako.

Hatua ya 1: Katembee kwanza

Kabla hujaandika hata sentensi moja ya proposo, toka. Kama uko Mbeya panda daladala kutoka Uyole mpaka Mbalizi, kaa dirishani, uone jinsi jiji lilivyojipanga pembeni ya barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, maduka, gereji, maghala, stendi, kila kitu kimeikimbilia lami. Alafu siku nyingine shuka mjini upande kwa miguu kuelekea Isanga, Itiji, Iganzo, huko chini ya mlima Loleza, uone nyumba zinavyopanda mteremko na njia zinavyozidi kuwa nyembamba mpaka gari haliingii tena. Jiulize gari la zimamoto lingepita wapi. Jiulize maji ya mvua yanapita wapi. Jiulize takataka zinaishia wapi na maji taka je. Ukitoka hapo nenda Igawilo au pembeni ya Uyole, ukaone shamba la mahindi au viazi limezungukwa na misingi ya nyumba, na bikoni (nguzo za mipaka ya viwanja) zimesimama katikati ya matuta.

Iringa vilevile. Tembea Kihesa na Mtwivila, alafu teremka mpaka Ipogolo karibu na mto Ruaha Mdogo, utaona mji umekaa juu ya mwinuko na watu wameendelea kujenga kushuka bondeni, na utaelewa kwa nini suala la barabara na maji pale sio sawa na la mji wa tambarare.

Kwenye matembezi haya usihoji mtu rasmi. Salimia, nunua chai na chapati kwa mama ntilie, sikiliza watu wanalalamikia nini. Andika vitu unavyoviona ambavyo huvielewi. Hivyo ndo topiki zako.

Hatua ya 2: Lifanye swali liwe dogo

"Changamoto za ukuaji wa miji Tanzania" sio swali la mwanafunzi mwenye muhula mmoja, hiyo ni kazi ya maisha. Swali zuri linataja sehemu, linataja watu, na linauliza kitu ambacho hujui jibu lake. Nakupa mifano ya namna ya kulibana:

Badala ya "urasimishaji wa makazi holela Mbeya", yani kupima na kutoa hati kwenye mitaa iliyojengwa bila mpango, uliza: kwenye mtaa huu ambao viwanja vimeshapimwa, kwa nini kuna wenye nyumba wamechukua hati na wengine hawajachukua, na tofauti yao ni ipi? Umeona, hapo kuna makundi mawili unayoweza kuyalinganisha.

Badala ya "kilimo na ukuaji wa mji", uliza: shamba la viazi pembeni ya Uyole linageuka kiwanja kwa hatua zipi, nani anauza, nani anakata vipande, nani anasaini, na mpimaji anaingia saa ngapi kwenye hiyo safari, mwanzo au mwishoni kabisa watu wameshajenga? Hii mimi naipenda sana kwa sababu ndo jinsi sehemu kubwa ya mji inavyozaliwa na vitabu vya darasani vinaipita haraka.

Badala ya "athari za barabara", chukua upanuzi wa barabara ya TANZAM kuwa njia nne, kipande cha Nsalaga mpaka Ifisi, chagua kituo kimoja cha daladala, uliza wafanyabiashara wa hapo wamehamia wapi na wateja wao wanavuka vipi.

Tahadhari na neno "athari". Ukiandika athari za kitu fulani unaahidi kuonyesha kwamba kitu hicho ndo kimesababisha, na hilo linataka uwe na eneo lingine la kulinganisha au data ya kabla na baada. Kama huna, andika "uzoefu wa wakazi" au "mabadiliko yaliyotokea tangu", utakuwa salama mbele ya paneli.

Na kuhusu maporomoko. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafukia nyumba kule Itezi, na tangu hapo wanafunzi wengi wanataka kufanyia hapo. Ni topiki ya lazima, tunahitaji kabisa kujua nani anajenga chini ya miteremko na kwa nini. Lakini wale watu wamepoteza makazi, haifai kila mwezi aje mwanafunzi mpya na maswali yaleyale ulipoteza nini, ulijisikiaje. Tafuta kwanza nani ameshafanya, omba data yake, alafu wewe uliza kitu kipya, mfano miteremko mingine inayofanana na ile ambayo bado watu wanajenga.

Hatua ya 3: Jua mipaka ya eneo lako

Hapa ndo penye makosa mengi kuliko sehemu yoyote, na ni makosa yanayoonekana ukurasa wa kwanza tu wa ripoti.

Kuna Mkoa wa Mbeya, kuna Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya na kuna Jiji la Mbeya. Ni vitu vitatu. Mbalizi nyumba zimeungana na za jiji lakini iko Halmashauri ya Wilaya, kwahiyo barua ya Mkurugenzi wa Jiji pale haikusaidii. Uwanja wa ndege wa Songwe nao uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, sio Mkoa wa Songwe, watu wanachanganya kila siku.

Alafu mikoa yenyewe imegawanywa. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sasa mtu anachukua sensa ya 2012 anaona Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu milioni 2.7, anachukua ya 2022 anaona milioni 2.3, anaandika kwamba watu wanauhama mkoa! Hakuna aliyehama, Songwe imehesabiwa peke yake ikiwa na zaidi ya milioni 1.3. Iringa na Njombe hivyohivyo, sensa ya 2002 Njombe ilikuwa ndani ya Iringa, ya 2012 ikahesabiwa pembeni. Ukitaka kulinganisha miaka, jumlisha mikoa iliyogawanyika kwanza au shuka kwenye wilaya na kata. Na kata pia zinagawanywa, hivyo uliza mtendaji kama kata yake ilikuwepo 2012 na kwa mipaka hiihii.

Jambo la tatu, je eneo lako ni mtaa au ni kijiji? Kijiji kinaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji na mamlaka ya ardhi iko kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Mtaa wa mjini ni habari nyingine. Pembeni ya mji utakuta sehemu ilikuwa kijiji ikaingizwa mjini na watu wanaendelea kuuziana kwa utaratibu wa zamani, na hilo lenyewe linaweza kuwa utafiti wako.

Hatua ya 4: Kusanya kilichopo kabla hujaenda kuuliza

Tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina sensa ya 2022 mpaka ngazi ya kata. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 mwaka 2012, likafika 541,603 mwaka 2022. Hiyo ni kama asilimia 3.4 kwa mwaka, na hii ndo aina ya sentensi unayotaka kwenye utangulizi wako, fupi na ina namba, sio aya tatu za "miji inakua kwa kasi sana duniani".

Google Earth Pro ina kitufe cha picha za miaka ya nyuma, kisogeze taratibu uone mtaa wako ulivyojaa mwaka baada ya mwaka, piga picha ya skrini ya miaka mitatu minne. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, pikseli yake ni mita 10, zinatosha kuona mji unavyopanuka lakini hazitoshi kuhesabu nyumba. Landsat ni mita 30, faida yake inarudi nyuma miaka mingi. OpenStreetMap ina barabara na nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, unazishusha ndani ya QGIS bila kulipa.

Mchoro wa mipango miji wa eneo lako unaupata idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri. Usiende kusema "naomba ramani", utaambiwa hakuna. Nenda na jina la mtaa, kitalu kama unakijua, na useme unataka mchoro uliopitishwa ili ulinganishe na kilichojengwa.

Hatua ya 5: Vibali, na usiruke ngazi

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakupa barua ya kwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji, Manispaa au Wilaya, Mkurugenzi anakupeleka kwa Mtendaji wa Kata, naye anakukabidhi kwa Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti. Vyuo vingine vinamwandikia Mkurugenzi moja kwa moja, fuata ya chuo chako. Kama sio Mtanzania unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kabla ya yote.

Barua unaiacha masjala, sio mezani kwa bosi. Wakishaipokea wagongee mhuri kopi yako na uulize namba ya jalada, andika tarehe na aliyepokea. Ukirudi siku ya pili unataja namba, hauanzi kujieleza upya. Barua ipeleke wiki tatu kabla ya fildi, sio Ijumaa ukitegemea Jumatatu uanze.

Kwa mwenyekiti wa mtaa nenda nyumbani au ofisini kwake kwa heshima zote. Shikamoo baba, au mama, kaa ukikaribishwa, eleza umetoka wapi na unataka nini, muda gani, na mwisho wa yote watapata nini. Mwenyekiti akikuelewa mtaa mzima umefunguka. Akihisi umempita, hata barua ya mkoa haitakusaidia, na hana makosa, watu wakija kulalamika wanakuja kwake sio kwa Mkurugenzi.

Hatua ya 6: Wahojiwe wangapi, na akina nani

Fomula wanayotumia wengi ni ya Yamane: idadi ya kaya zote, gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara kosa unaloruhusu kipeo cha pili. Tuseme mtaa una kaya 1,200 na kosa ni asilimia 5, yani 0.05. 0.05 kipeo cha pili ni 0.0025, mara 1,200 ni 3, jumlisha 1 ni 4, 1,200 gawanya kwa 4 unapata 300. Ukiruhusu kosa la asilimia 10 zinashuka mpaka 93 hivi. Kama uko peke yako na una wiki mbili, usiahidi 300. Ongea na supavaiza mapema, 93 zilizofanywa vizuri na intavyuu chache za kina ni bora kuliko 300 ulizojaza ukiwa umechoka.

Kama risechi yako ni ya mahojiano ya kina tu, Yamane haikuhusu, unaendelea kuhoji mpaka unaanza kusikia yaleyale.

Sasa kuchagua. Hilo la nani ndo lina uzito zaidi ya wangapi. Usikubali kupelekwa tu kwenye nyumba anazochagua mwenyekiti au balozi, hata kama ana nia njema, atakupeleka kwa wanaoongea vizuri na kwa wenye nyumba nzuri. Tumia vibao vya anwani za makazi, nyumba nyingi zimebandikwa namba. Kwa mfano wetu wa 300 kati ya 1,200 unachukua moja katika kila nne, anza kwa kuokota karatasi yenye namba kati ya 1 na 4.

Na kumbuka nyumba sio kaya. Nyumba moja Mwanjelwa inaweza kuwa na mwenye nyumba mbele na wapangaji wanne uani. Ukihoji anayefungua geti tu, wapangaji watatoweka kwenye utafiti wako, na kwa mji kama huu ni kutoweka kwa watu wengi mno. Hesabu milango.

Hatua ya 7: Sasa andika dodoso

Chukua swali lako la hatua ya 2, andika chini yake vitu unavyopaswa kuvijua ili ulijibu, kila kimoja kigeuze swali la dodoso. Swali ambalo huwezi kusema litaingia jedwali gani, lifute. Dakika ishirini na tano zisipite, mama ana sufuria jikoni.

Usiulize "una hati?". Mtu anashtuka, anasema ndiyo. Uliza "una karatasi gani ya kiwanja hiki?", na machaguo yawe: mkataba wa kuuziana uliosainiwa serikali ya mtaa, leseni ya makazi, ofa (barua ya toleo la kiwanja), hati, karatasi nyingine, hakuna. Usiulize kipato cha mwezi kwa mtu anayeuza mbogamboga, hana namba hiyo, uliza anavyotumia kwa siku au analipa pango shilingi ngapi. Kwenye malipo tenganisha pango la chumba, pango la ardhi na kodi ya jengo. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, hivyo mpangaji anayenunua umeme mara nyingi ndo anayeibeba bila hata kujua, ukiuliza kwa jumla jumla utapata majibu ya ovyo.

Andika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Sio unaandika Kiingereza alafu unatafsiri papohapo mlangoni kwa mtu, kila mlango utatafsiri tofauti. Kwa wazee pembezoni mwa jiji tafuta msaidizi anayejua Kisafwa au Kinyakyusa, Iringa Kihehe, na mfanye naye mazoezi ya maswali kabla.

Ingiza kwenye Kobo, jaribu kwa watu wachache ambao hawamo kwenye sampuli yako, rekebisha. Hatua hii watu wanairuka na wanajuta.

Hatua ya 8: Ndani ya mtaa

Sentensi yako ya kwanza mlangoni baada ya salamu iwe hii au inayofanana nayo: "Mimi ni mwanafunzi, sipimi viwanja, sibomoi, na sina fidia ninayoleta." Watu wakiona kijana ana simu anapiga pointi ukutani wanawaza barabara inakuja, au bomoabomoa. Wengine watafurahi wakidhani fidia inakuja, na hao ni hatari zaidi kwa data yako maana watakuongezea vyumba.

Omba ridhaa, mweleze anaweza kukataa swali lolote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio hiari. Majina weka faili tofauti na majibu, unganisha kwa namba. Na usichapishe ramani yenye doti ya kila nyumba isiyo na hati au iliyo ndani ya hifadhi ya mto, utakuwa umewachongea watu waliokukaribisha. Onyesha kwa mtaa au kwa miraba mikubwa ya ramani.

Ukihusisha mito, sheria ya mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pima kutoka ukingoni, sio katikati ya maji.

Muda mzuri ni saa kumi jioni kwenda mbele na Jumamosi. Jumapili subiri ibada ziishe. Msimu wa kulima na wa kuvuna nusu ya watu wako shambani asubuhi, ukihoji asubuhi tu utapata wastaafu na wagonjwa.

Kila jioni tuma data, alafu ipitie hukohuko ukiwa bado unakumbuka nyuso. Kopi moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja mtandaoni.

Hatua ya 9: Ramani

Mbeya, Iringa, Njombe na Songea zote ziko kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa kupima ramani kwa mita. Kwenye QGIS weka EPSG 32736, ndo namba ya mfumo huo. Ukikopi mradi wa rafiki aliyefanyia Dar utakuta 32737, hiyo ni kanda ya 37, vipimo vyako vya umbali na eneo vitaharibika. Kila ramani iwe na mizani, kaskazini, chanzo na mwaka. Rangi tatu nne zinatosha.

Hatua ya 10: Kuandika, na kurudisha

Andika matokeo kwanza, utangulizi mwishoni. Kila asilimia iambatane na idadi yake, maana "asilimia 67 ya wafanyabiashara" wakiwa ni wanne kati ya sita ni kumdanganya msomaji. Alafu andika karatasi moja ya Kiswahili, matokeo matano na ramani moja, mpelekee mwenyekiti na mtendaji, omba dakika kumi kwenye mkutano wa mtaa. Hii kwangu sio nyongeza. Mitaa yetu imehojiwa mno na haijawahi kuletewa jibu, ndo maana wanafunzi wanaokuja baadaye wanafungiwa mageti.

Ukikwama

*Ofisi haijibu.* Rudi masjala na namba ya jalada, uliza jalada liko meza ya nani. Mfuate huyo tu, kwa upole. Wakati unasubiri endelea na data za mtandaoni za hatua ya 4, hazihitaji kibali cha mtu.

*Nyumba zote kwenye ramani zimehama pamoja kama mita mia tatu hivi.* Ramani yako ya zamani iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo, na pointi zako ziko WGS 84, mfumo wa jipiesi. Mwambie QGIS ramani ile ni EPSG 21036, itarudi yenyewe. Usiiburute kwa mkono.

*Pointi zimeangukia bahari ya Atlantiki karibu na Moroko.* Umebadilisha latitudo na longitudo. Mbeya ni latitudo -8.9, longitudo 33.4 hivi. Zikitua mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia umesahau alama ya kutoa.

*Jipiesi inaruka.* Toka chini ya bati, subiri usahihi ushuke chini ya mita 5 ndo ubonyeze. Bondeni inachukua muda zaidi, usilazimishe.

*Watu wanakataa.* Simama siku moja. Rudi kwa mwenyekiti, uliza kuna nini, mara nyingi kuna mgogoro wa ardhi unaendelea au kuna mtu alipita wakamchangia hela akapotea. Omba utambulishwe kwenye kikao. Waliokataa waandike idadi yao kwenye ripoti, usiwajaze kwa nyumba za jirani kimyakimya.

*Hakuna takwimu za mtaa, sensa imeishia kwenye kata.* Mtendaji wa mtaa ana rejista ya wakazi. Ilinganishe na hesabu yako ya paa kwenye picha ya setilaiti, na useme wazi kwenye ripoti umetumia ipi.

*Supavaiza anataka ubadilishe topiki ukiwa umeshaanza fildi.* Mpelekee majibu ya mwanzo hata kumi, na ramani moja. Mara nyingi akiona kitu mkononi anabadilisha maneno mawili matatu ya kichwa cha habari na mnaendelea.